Sykes si jina la vijito tu

Kuna mwandishi anayesema jina la ukoo la Sykes lilizuka sehemu nyingi Uingereza, kwa kuwa neno lenyewe kwa lugha ya kaskazini mwa nchi hiyo ni kijito, na vijito viko kila mahali. Sikubaliani naye. Mwaka 2000 mtaalamu wa jenetiki Bryan Sykes wa Oxford alipima kromosomu Y (sehemu ya chembe za urithi waliyo nayo wanaume) za wanaume 48 wenye jina hilo, wasiojuana kuwa ni ndugu. Karibu nusu yao walikuwa na alama zile zile! Kromosomu hiyo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kama jina la ukoo, hivyo ilielekea kwamba babu alikuwa mmoja, mtu wa Yorkshire ya magharibi, zama majina ya koo yalipoanza kurithiwa. Waliobaki? Katika vizazi zaidi ya 20 kuna watoto wa kulelewa na waliochukua jina la mama.

Sykes wetu wa Dar es Salaam, akina Abdulwahid na Ally wa TANU, msiwaingize humo. Jina lao limetoka kwa babu yao Sykes Mbuwane, Mzulu aliyekuja kutoka Msumbiji akiwa askari wa Wajerumani.