Binti yangu kapata daraja la pili, kachagua uuguzi

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka Januari 2024, simu yangu haikupumzika mchana kutwa, na kila ndugu aliyepiga alikuwa na swali moja tu: "Kapata la ngapi?" Nikajibu la pili, pointi 19. Hongera zilikuja, ila zilikuja baada ya kimya kidogo, na mzazi aliyewahi kuulizwa matokeo ya mwanawe anakijua kimya hicho. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza kumi bora kuanzia matokeo ya mwaka 2022, uamuzi nilioufurahia sana. Koo zetu bado zinatangaza. Kwenye kundi la WhatsApp la familia, watoto watatu waliomaliza mwaka ule walikuwa wameshapangwa kwa pointi kabla ya magharibi, na binti yangu akawa wa mwisho.

Sasa mwaka unakwisha, nami nataka niseme wazi kwamba najivunia mtoto huyu mno, na ninayojivunia hayamo kwenye ile karatasi ya matokeo.

Alipomaliza mtihani Novemba 2023, wenzake wengi waliingia tuisheni za kujiandaa na kidato cha tano. Yeye alitoka Tanga mjini akaenda Muheza kwa bibi yake. Mama yangu alikuwa ametolewa kwenye vidonge vya kisukari akaanzishiwa sindano za insulini, asubuhi na jioni, na macho yake hayaoni tena vile vistari vidogo vya bomba la sindano. Tulihitaji mtu wa kumsomea vistari, basi.

Binti akachukua daftari la Fizikia lililobaki kurasa, akalipiga mistari: tarehe, sukari kabla ya chai, sukari saa mbili baada ya chakula, kiasi cha dawa. Safu ya mwisho akaiandika "Alikula nini". Kuna siku imeandikwa 16.8, na pembeni yake "pilau ya hitima, soda". Siku nyingine 6.4, "dona, mchicha, dagaa". Mama, ambaye miaka yote amebishana na madaktari juu ya chai ya sukari, alishindwa kubishana na daftari la mjukuu wake. Siku ya kliniki wakalibeba. Muuguzi alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akamuuliza binti kama yuko chuo cha afya.

Muuguzi huyo ndiye aliyemfundisha kuiviringisha chupa ya insulini viganjani taratibu bila kuitikisa, kuhamisha mahali pa kuchoma, leo tumboni kesho pajani, na namna ya kuitunza dawa. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Mama hana friji. Binti akaomba nafasi kwenye friji ya jirani, na ile chupa inayotumika akaitengenezea mahali pake: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wa kulowesha asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, vyote vimewekwa penye upepo nyuma ya nyumba. Nilipokwenda kuwatazama nilitia mkono mle ndani. Palikuwa na ubaridi kweli.

Kisha ikaja Ramadhani, mwezi Machi. Mama alikuwa amekatazwa kufunga. Alikubali mbele ya daktari, akakubali na mbele yetu, halafu siku moja akafunga kimyakimya. Mjukuu alimchoma dawa ya asubuhi kama kawaida na kumwekea uji wake; bibi akamwita mtoto wa jirani, akampa uji wote. Kufika adhuhuri jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anawaita kwa majina watu waliokwisha kufa. Majirani wakajaa uani. Mmoja akasema malaria imempanda kichwani, mwingine akasema asomewe. Binti akachukua mashine ya kupimia sukari, akamtoboa kidole: 2.9. Kwenye jalada la daftari alikuwa ameshaandika kwamba chini ya 4 ni hatari. Akakoroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji.

Hapo ndipo watu wazima walipomshika mkono. Mgonjwa wa sukari unampa sukari, unataka kumuua bibi yako? Msichana wa miaka 17, kati ya watu waliomzidi umri mara mbili na mara tatu, akawajibu kwa adabu: "Naombeni mnisamehe wazee wangu. Sukari yake imeshuka, haijapanda. Nikichelewa atazimia." Akamnywesha kidogo kidogo huku akimtazama anavyomeza. Akasubiri dakika 15, akapima tena: 4.6. Ndipo akampa uji na mkate ili isishuke upya. Mama akaanza kuuliza kwa nini watu wamejaa kwake mchana wote huo.

Haya nilisimuliwa kwa simu na jirani yule yule aliyemshika mkono. Alikuwa analia, na mimi sikuweza kuendelea na kazi siku ile.

Lililofuata ndilo ninalolipenda zaidi. Mama alihuzunika, na kilichomhuzunisha ni saumu yake, wala si ugonjwa. Binti hakumgombeza kwa kumficha. Alikwenda kwa ustadhi wa msikitini, akamweleza yote, akamwomba aje azungumze na bibi. Ustadhi akaja, akakaa naye barazani, akamkumbusha kwamba Kurani imempa mgonjwa ruhusa, na kwamba mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona hulisha maskini kwa kila siku asiyofunga. Tangu jioni ile hadi mwezi unaandama, futari ya mtu mmoja ilitoka jikoni kwa mama ikaenda kwa mzee mmoja asiye na mtu. Aliyeibeba ni binti. Mama akatulia, na namba za daftari zikatulia naye.

Baada ya Idi alirudi nyumbani, akatukalisha mimi na mama yake. Anataka stashahada ya uuguzi na ukunga. Ukoo ulipopata habari, ikabidi tuitishe kikao. Serikali ilikuwa imetoka kuongeza tahasusi za kidato cha tano, zimefika 65, na kila mjomba alikuwa amemchagulia yake, ingawa wengi waliishia pale pale kwenye PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Shangazi yake alisema kwa uchungu wa kweli: "Huko mtu anaingia kwa D nne tu, mradi zimo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Wewe una B ya Baiolojia, unakwenda kutafuta nini?" Binti akajibu, "Shikamoo shangazi. Kama wanaoingia wote wana D, basi wanaomchoma bibi sindano wanahitaji na mwenye B."

Nikakaa upande wake, na hadi leo niko upande wake. Tumejizoesha kuona uuguzi ni mahali pa kumpeleka aliyekosa daktari, na tunayasema haya mbele ya watoto, kisha tukilazwa tunalalamika kwamba wauguzi hawana moyo. Daktari wa mama humwona kwa dakika chache, na ana foleni, simlaumu. Aliyembadilishia maisha ni yule muuguzi wa kliniki aliyelisoma daftari na kuona mtoto anafundishika. Kwenye kikao mjomba mmoja alijaribu kunisaidia: stashahada ikiwa na ufaulu mzuri ni njia ya kufika shahada, hajapotea. Ni kweli, na akitaka kuendelea nitauza nilichonacho asome. Lakini hata utetezi huo haunifurahishi, kwa sababu unaufanya uuguzi uwe kituo cha kupandia gari tu. Binti yangu anataka kuwa muuguzi. Amejua kazi yenyewe akiwa na sindano mkononi, jambo ambalo wengi wetu hatukuwa nalo tulipochaguliwa kazi na wazazi.

Orodha ya kidato cha tano ilipotoka, jina lake lilikuwamo, shule ya bweni mbali na kwetu. Ndugu wakafufua mjadala. Alisikiliza simu zote, akamshukuru kila aliyepiga, hakuyumba. Oktoba akaanza chuo, miaka mitatu, ngazi ya NTA 4 hadi 6, yaani ngazi za vyuo vya kati hadi stashahada.

Mdogo wake wa kiume, aliyemaliza darasa la saba mwezi Septemba, ndiye yuko Muheza sasa. Ameshafundishwa kupima na kuandika, na kila Ijumaa husomeshwa namba za wiki nzima kwenye simu. Akiruka siku anaulizwa kwa nini. Chuoni wameanza mambo ya kupima mapigo ya moyo, na binti ameniagiza saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Nimeshainunua, ya bei kubwa kidogo kuliko aliyoniambia.