Msimrudishe Renji

Jumamosi iliyopita tulicheza gofu na dada mmoja aliyeingia uwanjani kwa mara yake ya kwanza. Shimo la tatu akapiga ardhi mara tatu mfululizo, mpira ukajikokota hatua kumi na kitu. Bwana mmoja wa kundi la nyuma yetu akasema, kwa sauti ya kusikika, "Huyu angebaki renji kwanza," yaani pale pa kupigia mipira ya mazoezi. Dada akainama, akajifuta uso kwa glavu. Mashimo manne hakutoa neno.

Limenikaa moyoni wiki nzima. Dada yule ana miezi mitano renji, na nimemwona kwa macho yangu: ndoo ya mipira 50, fimbo ya chuma, ayani namba saba, mpira baada ya mpira unapanda juu umenyooka. Mazoezi anayo. Tatizo ni kwamba alichokuwa akikifanyia mazoezi sicho alichokikuta uwanjani.

Chukua mkeka wa plastiki tunaopigia renji. Fimbo ikitua vidole viwili nyuma ya mpira, inateleza juu ya plastiki na kuufikia vilevile. Mpira unaruka, na kosa linabaki limejificha miezi mitano. Kosa hilohilo kwenye ukoka, udongo ukiwa bado laini baada ya masika, fimbo inazama, kipande cha nyasi kinaruka mbali kuliko mpira. Halafu renji sakafu ni tambarare na kusi inavuma upande uleule kutwa; uwanjani mguu mmoja uko bondeni, na kila shimo upepo unakujia kwa upande wake. Lakini zaidi ya yote, renji mpira wa pili unakuja papo hapo kusahihisha wa kwanza. Uwanjani hakuna wa pili. Unapiga vibaya, unatembea dakika kadhaa na lile kosa kichwani, kisha unatakiwa kupiga pigo jingine kabisa, kwa fimbo nyingine, watu wakikutazama. Kutembea na kosa hakufundishwi kwenye mkeka. Sasa huko renji mnamrudisha akajifunze nini?

Haya, wa nyuma nao wana haki yao. Anayeanza asiingie mashimo 18 Jumamosi asubuhi, na akizidisha mapigo auokote mpira, twende mbele. Tangu 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika 3 badala ya 5, ufuatwe. Ila mfumo wa dunia wa handikepu, yale mapigo ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, ulioanza 2020, unafika hadi 54, yaani mapigo matatu ya ziada kwa kila shimo la mashimo 18. Mchezo wenyewe umemtengea anayeanza nafasi yake. Sisi ni nani hata tumnyime?

Na renji yenyewe ichezwe kama uwanja. Chagua mti mmoja. Piga draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo, weka chini, chukua ayani, kisha weji, fimbo ya mapigo mafupi, kama vile unacheza shimo. Kila mpira rudi nyuma hatua mbili, tazama, jipange upya. Penye nyasi, ondoka mkekani upige hapo. Mipira 20 ya namna hiyo naithamini kuliko ndoo mbili za kupiga tu.

Jumamosi ile, shimo la saba, kedi wetu, yaani mbeba fimbo, mzee wa makamo, alifanya ambalo sisi wenye fimbo za bei hatukulifanya. Aliipokea ile fimbo ndefu taratibu kutoka mikononi mwa dada, akairudisha begini, akampa ayani tisa. Akachuchumaa, akamwonyesha kwa kidole jani kavu lililokuwa mbele kidogo ya mpira.

"Dada, fimbo iguse hapa. Mpira utaenda wenyewe."

Ukaenda. Hatua themanini hivi, katikati kabisa. Dada akamgeukia akasema, "Asante, mzee," na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu shimo la tatu.

Jumatano saa kumi na nusu jioni, uwanja ukiwa mtupu, tunaingia naye mashimo matatu, fimbo nne tu. Mzee nimeshampigia simu. Amesema atakuja mapema.