Kujirekebisha mbele za watu: adabu au unafiki?

Alfajiri katika soko la Kirumba Mwaloni jijini Mwanza, mchuuzi wa dagaa humwamkia mzee wa Kisukuma "Mwangaluka" huku amepiga goti, humgeukia mnunuzi kutoka Kongo kwa maneno machache ya bei, kisha humkemea mbeba magunia kwa sauti ambayo yule mzee asingeitambua. Jirani yake husalimia wote kwa sauti moja, na bei isipomridhisha uso wake hukunjana kabla hajafungua mdomo.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Marekani, Mark Snyder, alichapisha kipimo cha tofauti hiyo, aliyoipa jina la Kiingereza "self-monitoring", yaani kujichunga na kujirekebisha mbele za watu, chenye kauli 25 ambazo mtu huzijibu kweli au si kweli. Wenye alama za juu husoma mazingira na kujirekebisha. Wa alama za chini hufuata yaliyo moyoni mwao.

Wanaomwita mchuuzi wa kwanza kinyonga wana hoja, kwani mojawapo ya kauli hizo humtaka mtu akiri kwamba huweza kuwahadaa watu kwa kuwachangamkia ilhali yeye hawapendi. Aidha, mwaka 1984 Snyder na Jeffry Simpson walionyesha kwamba wenye alama za juu walikuwa wepesi zaidi kuwaacha wapenzi wao kwa ajili ya wengine. Kwa upande wa pili, watafiti Martin Kilduff na David Day waliwafuatilia wahitimu wa shahada ya uzamili ya biashara kwa miaka mitano na kubaini, mwaka 1994, kwamba wenye alama za juu hao hao ndio waliopanda vyeo zaidi.

Binafsi naona jina moja limebebeshwa mambo mengi mno. Mwaka 1980 watafiti Briggs, Cheek na Buss walionyesha kwamba kipimo hicho kinachanganya uigizaji, uchangamfu na kuwategea wengine sikio, mambo ambayo hayaendi pamoja daima. Kumpigia mzee goti ni malezi, na sioni haki ya kuyaweka kapu moja na hadaa. Hata hivyo, nikitaka kujua kama dagaa wa jana walinyeshewa, nitamuuliza yule jirani, kwa kuwa uso wake hautanificha ukweli. Huyu wa kwanza sitamhukumu kwa sauti zake tatu, bali nitatazama kama ndoo anayompimia mzee ndiyo hiyo hiyo anayompimia mgeni.