Amplifaya ya valvu inadanganya, na mimi naitetea

Nikitaja tu kwamba nasikiliza muziki kwa amplifaya ndogo ya hedifoni yenye valvu, zile chupa za kioo za kukuza sauti zilizokuwa kwenye redio za zamani, hakosi kutokea mtu, mara nyingi kijana anayesomea umeme pale Iyunga, hapa Mbeya, wa kuniambia kwamba teknolojia hiyo ilishazikwa. Kwa sehemu kubwa yuko sahihi. Valvu ya kwanza aliitoa John Ambrose Fleming kule Uingereza mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Lee de Forest wa Marekani akaiongezea kipande cha tatu ndani, na hapo ndipo ilipoweza kukuza mawimbi. Transista, kipande kidogo kinachofanya kazi hiyohiyo bila chupa, ilipozaliwa katika maabara za Bell Labs kule Marekani mwaka 1947, valvu zikaanza kufungashwa virago. Transista ni ndogo, haili umeme, haichomi vidole, wala haivunjiki ukiiangusha. Ukileta vyombo vya kupimia, chipu ya bei ya kutupa inakuza sauti kwa usafi ambao valvu haiwezi kuufikia.

Kwa hiyo anayekuuzia amplifaya ya valvu kwa maneno ya "utasikia sauti halisi ya studio" anakupiga fiksi. Haikuletei sauti halisi. Inakuletea sauti iliyoongezwa kitu. Mimi natetea hicho kilichoongezwa, ila kwa muziki fulani, kwa hedifoni fulani, na kwa bei isiyomfanya mtu akose kodi ya nyumba.

Wanakwaya watanielewa haraka kuliko mafundi. Chukua noti moja, tuseme ya mizunguko 440 kwa sekunde, na uifanye ndiyo do. Valvu ikiikuza haitoi 440 peke yake, inachomekea na 880 kwa mbali. Kama ulifundishwa kuimba kwa do-re-mi kanisani, unajua 880 ni nini: ni do ileile, ya juu. Haigombani na mwenzake. Sikio haliisikii kama noti ya pili, linaisikia kama unene, na mwimbaji anaonekana ana kifua kuliko alichokuwa nacho. Kwenye vipimo hiyo inahesabiwa kuwa kasoro, na ni kasoro kweli, kwa sababu haikuwemo kwenye wimbo. Transista nayo ikizidiwa hukata mawimbi ghafla na kumwaga noti za mbali zisizopatana na wimbo, ndiyo ule mkwaruzo unaouma. Kasoro zote mbili ni kasoro, lakini moja inakera na nyingine inapendeza. Sioni sababu ya kujinyima inayopendeza kwa kuwa tu mashine ya kupimia imenuna.

Sasa muziki gani? Wangu ni dansi la zamani, na hapo ndipo hoja yangu yote iliposimama. Zile kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi iliingia studio na kupiga kwa pamoja, zina kitu kimoja ambacho rekodi za leo zimekipoteza: nafasi. Gitaa la solo linaongea, la ridhimu linajibu, besi inatembea chini bila haraka, tumba ziko pembeni, na matarumbeta yanangoja zamu yao. Sikiliza bendi ya Mlimani Park, ndiyo Sikinde, sauti ya Gurumo ikiwa chini na ya Bitchuka ikipanda juu yake, au gitaa la Mbaraka Mwinshehe linapoanza kuchombeza wimbo ukielekea mwisho. Kwenye simu peke yake magitaa hayo yanasikika membamba na makavu. Ukiyapitisha kwenye valvu yanapata mwili. Hayapati undani mpya ambao haukuwemo kwenye kanda, nakubali. Yanapata mwili tu, na mimi hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Zeze nalo linakaa vizuri humo, pamoja na sauti ya mtu mmoja na gitaa lake. Singeli usijaribu. Muziki uliokimbizwa vile hauna muda wa kuongezewa unene, utaupata umekuwa uji. Kwaya za siku hizi za kinanda, ambazo Mbeya tunazo kuliko mahindi, nazo ni tatizo, na hapa najua nitagusa watu. Rekodi nyingi zimekandamizwa hadi kila kitu kinapiga kelele kwa kiwango kimoja. Valvu ikikutana na sauti arobaini, kinanda na ngoma ya kompyuta kwa wakati mmoja, haiongezi noti za juu za kila mmoja tu, bali inazichanganya pia zenyewe kwa zenyewe na kuzaa noti ambazo hakuna aliyeziimba. Hapo chipu safi ya transista inashinda bila ubishi.

Tuje kwenye vifaa vyenyewe, kwa sababu kuna ujanja mwingi. Amplifaya za hedifoni za valvu zinazouzwa mtandaoni chini ya dola 100, zile za China tunazoagiza kupitia wakala wa Kariakoo na kuzipokea stendi zikiwa zimeshuka na mzigo wa basi, nyingi ni chotara. Valvu inakaa mwanzoni, inapaka sauti rangi yake, halafu transista au chipu ndiyo inayosukuma hedifoni. Hilo si wizi, ni ubunifu wa maana unaofanya bei iwe ya kawaida. Ila valvu zenyewe zilibuniwa kufanya kazi kwa volti 100 na zaidi, na katika vingi vya vifaa hivi zinapewa volti chache mno kuliko hizo. Inafanya kazi, lakini tabia yake si ileile ya amplifaya kubwa ya valvu tupu.

Halafu kuna taa. Ukitazama picha za dukani unaona valvu zinang'aa rangi ya chungwa, zinavutia kweli. Fungua, na mara nyingi chini ya valvu utakuta kitaa cha LED kimechomelewa kwenye bodi, kazi yake mbwembwe tu. Kukigundua ni rahisi: ngoja giza, kisha zima swichi. Mwanga wa LED unakatika hapohapo. Waya wa ndani ya valvu ni mwekundu hafifu, karibu huuoni mchana, na ukizima unafifia polepole mpaka unapotea. Ukiwasha nao hauna haraka. Hedifoni zinakaa kimya kwanza, kisha muziki unaingia ukiwa mdogo na kukua.

Jambo jingine la kujaribu ni kugonga kioo cha valvu taratibu kwa penseli huku hedifoni ziko kichwani. Utasikia "ting" ndefu, kama kengele ya baiskeli inayopita barabara ya pili. Vyuma vya ndani vinatikisika na kuwa kipaza sauti. Kama inalia sana hata ukiweka kikombe mezani, valvu hiyo ibadilishwe. Habari njema ni kwamba kubadilisha hakuhitaji fundi: unazima, unaacha ipoe, unaichomoa na kuchomeka nyingine. Vifaa vingi vya bei ya chini vinatumia valvu ya Kichina ya 6J1, na soketi hiyohiyo inapokea 6AK5, 5654 au ile ya Kirusi iitwayo 6Zh1P, aina zilizotumika sana zamani kwenye redio za kijeshi na ambazo bado zinapatikana kwa bei ndogo. Watu wanaapa kwamba kila moja ina sauti yake. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko maneno yanayosemwa juu yake.

Kilicho kikubwa kuliko valvu ni hedifoni. Soma namba ya omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, kwenye boksi. Visikilizio vya kuchomeka masikioni vingi ni omu 16 hadi 32, na simu inavisukuma bila jasho. Ukivichomeka kwenye amplifaya hizi utakachopata zaidi ni mvumo, kwa sababu ni vyepesi mno kusukumwa na vinasikia kila uchafu wa umeme. Tena utalazimika kuacha volumu karibu na sifuri, na hapo vile vizungushio vya bei rahisi vina ugonjwa wao: sikio la kushoto linatangulia, la kulia linafuata ukishafungua kidogo. Hedifoni za omu nyingi ni jambo tofauti. Sennheiser HD 600 na HD 650 ni omu 300, na Beyerdynamic DT 770 Pro inauzwa ya omu 32, 80 na 250. Zile za 250 na 300 simu nyingi zinaziendesha kwa kunong'ona, na amplifaya hapo inafanya kazi yake halali hata kabla hatujaanza kubishana kuhusu utamu. Na kama unatumia zile za bluetooth, kifaa hiki hakikuhusu kabisa, kwa kuwa amplifaya yako tayari imo ndani ya hedifoni.

Kwa mazingira yetu naongeza hili. Hedifoni za mgongo wazi, kama hiyo HD 600, zinasifiwa dunia nzima, lakini wanaozisifu hawakai nyumba ya kupanga Soweto au Mafiati yenye sabufa la jirani ukutani. Zinaingiza kila kitu. Mvua ikianza Novemba na kupiga bati hadi Aprili, mgongo wazi ni mapambo, na kwa watu wa Tukuyu, wanaonyeshewa kuliko sisi, sijui hata niseme nini. Chukua zilizofunikwa. Juni na Julai, baridi inapobana na watu wanalala mapema, ndiyo miezi ya kusikilizia muziki huku juu, na hata joto la zilizofunikwa masikioni linageuka faida.

Umeme nao tunaujua unavyopanda na kushuka. Kwa hili chotara zina unafuu, kwa sababu nyingi zinatumia adapta inayokubali volti 100 hadi 240, hivyo taa za nyumbani zikififia muziki hauyumbi. Zipo zinazokula volti 12 za DC, kama za betri, na mwenye sola Chunya au Ileje anaweza kuziendesha kwa betri, bila ule mvumo wa umeme wa ukutani. Ila betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa inavuka 14, kwa hiyo weka kipunguza volti katikati na usichomeke moja kwa moja. Amplifaya za valvu tupu ni habari nyingine: kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata ukishachomoa waya, na zilizotoka Marekani zimetengenezwa kwa volti 120. Ukiuziwa ya mtumba kwa bei ya kushangaza, geuza usome maandishi ya nyuma kabla ya kutoa hela.

Pesa zipangwe hivi, kwa maoni yangu. Kwanza nyimbo. Ukienda kibandani kurushiwa nyimbo kwenye flashi utapewa MP3 zilizominywa hadi kilobiti 128 kwa sekunde au chini ya hapo, na matoazi ya ngoma yanasikika kama maji yanayomwagika. Hakuna valvu inayorudisha kilichokatwa. Pili hedifoni, na hapo ndipo sehemu kubwa ya hela iende. Tatu, kama simu yako haina tundu la hedifoni, kile kiunganishi kidogo cha Type-C kinachogeuza namba kuwa sauti. Vipo vya bei ndogo vyenye usafi wa kutosha kabisa. Amplifaya ya valvu ni ya nne. Mwenye laki moja aishie kwenye hedifoni na asijione kapungukiwa. Mwenye laki tatu za ziada, ambaye anajua tofauti ya bendi za Msondo na Sikinde kabla mwimbaji hajafungua mdomo, aagize chotara yake. Na yule kijana wa Iyunga akija na vipimo vyake, mpe hedifoni, umwekee kitu cha mwaka 1978 au karibu na hapo, na umwache asikilize mpaka magitaa yamalize kujibizana ndipo aseme.