Arctic Monkeys Walianza Kubadilika Mapema Zaidi

Hapa Arusha, mji wenye sifa ya hip hop kuliko ya magitaa, wapenzi wachache wa roki tuliopo hatuachi kubishana kuhusu Arctic Monkeys, bendi ya Sheffield, Uingereza. Wengi hushikilia kwamba ilipotea mwaka 2018, ilipotoa Tranquility Base Hotel & Casino, albamu ambayo piano imetawala na gitaa limesukumwa pembeni. Sikubaliani nao. Kwa masikio yangu, bendi hiyo iligeuka mwaka 2009 kwenye albamu yake ya tatu, Humbug, na yote yaliyofuata yalitokana na hapo.

Albamu ya kwanza, iliyotoka Januari 2006 na kuuza nakala zaidi ya 360,000 nchini mwao kwa wiki moja, ilikuwa ya mbio tupu: Matt Helders anapiga drams kama mtu anayefukuzwa, na mwimbaji Alex Turner anamwaga maneno kwa lafudhi ya kwao bila kuisafisha. Mtu wa Arusha hahitaji kufafanuliwa jambo hilo, maana hata hapa msanii anayechana kwa lafudhi ya Chuga, yaani ya hapa Arusha, hupokewa tofauti na anayejifanya wa Dar. Albamu ya pili, ya mwaka 2007, iliongeza nguvu lakini haikubadili njia.

Kisha wakaenda katika jangwa la California kurekodi Humbug na Josh Homme wa bendi ya roki ya Marekani, Queens of the Stone Age, na hapo ndipo mwendo uliposhuka. Ukiisikiliza Humbug kwa spika nzuri (simu haitoshi, besi yote hupotea), utasikia nafasi iliyoachwa kati ya pigo na pigo, gitaa lenye mwangwi mzito, na Turner akiziburuta silabi ambazo zamani alizikimbiza. Mwimbaji akishapata nafasi ya kuvuta pumzi, huanza kuimba kweli badala ya kusimulia.

Albamu iliyofuata, Suck It and See ya mwaka 2011, ni tamu na nyepesi, sina ugomvi nayo. AM ya mwaka 2013 ilichukua uzito wa Humbug na kuupandisha juu ya midundo iliyoazimwa kwa hip hop ya Marekani. Wimbo wa kwanza unaanza kwa kishindo na makofi kabla gitaa halijaingia, na ndiyo maana hata marafiki zangu wasiopenda roki huutikisia kichwa.

Baada ya hapo Turner alizawadiwa piano alipotimiza miaka 30, akaanza kutungia juu yake, na nyimbo za albamu ile ya 2018 zikafuata njia ya kord (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazozunguka badala ya mapigo ya gitaa yanayojirudia. Lakini polepole ile, na sauti ile ya kubembeleza, vilikuwepo tangu jangwani. Lawama yangu naielekeza kwa The Car ya mwaka 2022: vinanda vya nyuzi vimepangwa kwa ustadi mkubwa, ila Helders, mpiga drams hodari kiasi kile, ameachiwa kazi ndogo mno.