Kabla ya kumtumia mtoto jibu, mpigie simu

Ndugu zangu tulio ughaibuni, watoto wa nyumbani wanatutumia maswali ya shule kwenye simu, na wengi wetu tunawarushia majibu upesi ili turudi kwenye shughuli zetu. Naona hatuwatendei haki.

Juzi mpwa wangu wa kidato cha kwanza, yuko Muheza, Tanzania, alinitumia picha ya swali la fizikia: jiwe la gramu 81 limetumbukizwa kwenye silinda ya kupimia, maji yakapanda kutoka mililita 120 hadi 150. Tafuta densiti. "Shikamoo mjomba, naomba jibu." Nikampigia, nikamsomea swali kwa Kiswahili, nikamuuliza maji yamepanda kwa nini. Akasema jiwe limechukua nafasi. Nafasi kiasi gani? Thelathini. Akagawanya mwenyewe 81 kwa 30, akapata gramu 2.7 kwa kila mililita, ndiyo densiti. Kumbe fizikia anaijua, kilichomkwamisha ni Kiingereza cha swali. Amesoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi yote, kisha akaingia sekondari na kila kitu kikageuka. Mama yake anapiga hesabu za genge lake kichwani bila kukosea, lakini daftari la mwanawe hawezi tena kulisoma. Hilo linaniuma kuliko hata uhaba wa vitabu.

Huku Uingereza binti yangu anasoma kwa lugha ileile anayochezea na wenzake. Kwenye hesabu za GCSE, mitihani ya huku ya sekondari, njia ikiwa sahihi anaweza kupata maksi hata kama jibu la mwisho limekosewa. Kwenye historia anapewa barua na picha za vita ya 1939 hadi 1945, aeleze ipi inaaminika zaidi na kwa nini. Kaka wa mpwa wangu, kidato cha tatu, aliambiwa ataje sababu tano za Vita vya Majimaji. Akataja kodi, akataja kulazimishwa kulima pamba. Nilipomuuliza pamba inamfikishaje mtu kushika silaha mwaka 1905, alinieleza habari ya shamba la chakula lisilo na mtu wa kulipalilia, hadi nikanyamaza kumsikiliza. Swali lake halikuwa na nafasi ya maelezo hayo.

Tena wenzetu wa nyumbani wana kitu ambacho binti yangu hana. Kule watoto wanakaa barazani kwa pamoja, mkubwa anamwelekeza mdogo, mwalimu mstaafu akipita wanamsimamisha. Wangu akikwama anasubiri nitoke zamu.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Sekondari bado tunasubiri. Kiingereza wafundishwe, tena vizuri, kama somo. Lakini karatasi ya fizikia ichapwe kwa lugha zote mbili, na mtoto aruhusiwe kujibu kwa ile anayoifikiria. Hadi hapo, sisi wajomba na mashangazi tuweke vocha, tupige simu, tuwasomee swali kwa Kiswahili na tusubiri waanze wao.