Mnyama wa Pori Afuatwe Kwake

Orka, yule mnyama mkubwa wa baharini, hafai kufugwa bwawani ili watu wamshangilie, na sioni sababu ya kutamani jambo hilo lije Kigoma kwa sura yoyote ile. Naandika haya kwa sababu kwenye grupu letu la WhatsApp, la wana Kigoma walioko nyumbani na sisi tulioko nje, imezunguka video ya zamani ya orka akichomoka majini huku mkufunzi amesimama juu ya pua yake. Maoni yaliyofuata yameniumiza. Mmoja aliandika kwamba wenzetu wameendelea, hadi samaki wanawatii. Mwingine akasema tukijenga bwawa la namna hiyo pale Katonga, tukaweka na sokwe wawili watatu pembeni, mtalii hatakuwa na haja ya kupanda boti hadi hifadhi ya sokwe ya Gombe. Halafu mtoto wa shangazi akaniuliza mimi niliye Canada: wewe ushawahi kwenda kuona? Sijaenda, mdogo wangu, na sitaenda.

Kwanza huyo si samaki. Orka ananyonyesha, anavuta hewa kama sisi, na ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya pomboo. Kwa siku moja anaweza kuogelea zaidi ya kilomita 100, yaani karibu safari ya maji ya kutoka Kigoma hadi hifadhi ya Mahale. Anaishi kwa ukoo. Katika koo zinazojulikana zaidi, zile za pwani ya Pasifiki huku Canada na Marekani, bibi ndiye anayetangulia na wengine wanafuata, na watoto wa kiume hawamwachi mama yao hata wakiwa madume makubwa. Kila ukoo una milio yake. Mwaka 2018 jike mmoja wa koo hizo, anayeitwa Tahlequah, alifiwa na mtoto muda mfupi baada ya kuzaa, akambeba kichwani na puani kwa siku 17. Watafiti waliomfuata walimwona akizama kumwokota alipoponyoka. Mama yeyote wa Ujiji akisikia habari hiyo hahitaji kufafanuliwa.

Sasa mnyama wa namna hiyo alifikaje bwawani? Alivuliwa. Mwezi Agosti 1970, katika ghuba ya Penn Cove, jimbo la Washington, wavuvi waliwazungushia nyavu makumi ya orka, wakatenga watoto na mama zao. Watano walikufa maji wakiwa wamenasa, saba wakauzwa. Mmoja wa hao saba aliitwa Tokitae, na biashara ikampa jina la Lolita. Alikaa kwenye bwawa moja dogo la Miami tangu mwaka huo hadi alipokufa Agosti 2023.

Lakini anayepaswa kujulikana zaidi na kila anayeshangilia zile video ni Tilikum. Alikamatwa karibu na Iceland mwaka 1983 akiwa na umri wa miaka miwili hivi. Wakampeleka Victoria, huku Canada, kwenye bustani ya maonyesho iliyoitwa Sealand, akaishi na majike wawili wakubwa waliokuwa wakimng'ata na kumchanachana. Usiku wote watatu walifungiwa kwenye kizimba kidogo chenye giza hadi asubuhi. Fikiria mnyama wa bahari kuu, mwenye kusikia kwa sauti zinazorudi kutoka mbali, yumo ndani ya kuta ambazo kila sauti anayotoa inamrudia palepale. Mwezi Februari 1991 mkufunzi wa miaka 20, Keltie Byrne, aliteleza akatumbukia bwawani. Orka hao walimzuia kutoka hadi akafa, watazamaji wakiwa wamekaa kwenye viti vyao.

Baada ya kifo hicho Tilikum aliuzwa kwa SeaWorld ya Orlando, Marekani. Alikua akawa dume la karibu mita 7 na zaidi ya tani 5, na mbegu zake zikatumika kuzalisha watoto wengi wa kuonyeshwa. Mwaka 1999 mtu mmoja aliyekuwa amebaki ndani ya bustani usiku alikutwa amekufa juu ya mgongo wa Tilikum. Tarehe 24 Februari 2010 akamvuta majini Dawn Brancheau, mkufunzi mwenye uzoefu wa miaka mingi, akamuua. Miezi miwili tu kabla ya hapo, mkesha wa Krismasi, orka mwingine aitwaye Keto alikuwa amemuua Alexis Martínez wakiwa kwenye mazoezi ya onyesho kule Tenerife, Hispania. Kwa upande mwingine, hakuna kumbukumbu iliyothibitishwa ya orka wa baharini, aliye huru, kumuua mtu.

Kuna wanaosema wakufunzi hao walifanya uzembe. Sikubaliani nao. Hawa walikuwa watu waliompenda mnyama wao na waliojua kazi. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani ilipochunguza kifo cha Brancheau, ilisema mwajiri aliwaweka wafanyakazi kwenye hatari inayojulikana, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Ndiyo maana kule hamwoni tena mkufunzi akisimama juu ya pua ya orka. Hiyo video inayowafurahisha ni ya enzi ambayo wenyewe walilazimishwa kuiacha.

Niliko mimi, Ontario, habari iliyonigusa kwa karibu ni ya Kiska. Alikamatwa Iceland mwaka 1979 akiwa mdogo na kuletwa Marineland, bustani iliyo jirani na maporomoko ya Niagara. Alizaa watoto watano, wote wakafa. Mwaka 2011 mwenzake wa mwisho alipoondolewa, akabaki peke yake, pasipo orka mwingine wa kumwitikia, hadi alipokufa Machi 2023. Mwaka 2021 ilisambaa video yake akijigonga kwenye ukuta wa bwawa. Niliitazama yote. Anakwenda, anageuka, anapiga ubavu ukutani, maji yanaruka, anarudia. Hakuna muziki wala mtu anayepiga makofi, ni saruji ya buluu tu na mnyama mkubwa asiye na pa kwenda. Mapezi ya mgongoni ya madume wa bwawani karibu yote hulala upande, jambo ambalo baharini ni nadra, na meno yao huvunjika kwa kutafuna kingo za zege na vyuma. Kiska naye meno yake yalikuwa yameisha.

Wanaonizunguka huku si watu wakatili, na hili linanitatiza sana. Mbwa anapelekwa hospitali yake, ana koti la baridi, na mtu akimpiga hadharani anaitiwa polisi. Hao hao ndio waliokuwa wakipanga foleni na watoto wao kumwangalia Kiska. Nadhani tatizo ni kwamba mnyama akishauzwa kwa tiketi, watu hawaulizi tena ametoka wapi na anarudi wapi jioni. Nawasifu hata hivyo, kwa sababu walibadilika: mwaka 2019 Bunge la Canada lilipitisha sheria ya kupiga marufuku kufuga nyangumi na pomboo kwa maonyesho na kuwazalisha. Ila waliokuwemo tayari waliruhusiwa kubaki, na ndivyo Kiska alivyomalizia siku zake bwawani wakati sheria inayolaani kilichompata ipo vitabuni. Mwaka 2025 serikali ilikataa ombi la Marineland la kuwasafirisha beluga 30, wale nyangumi weupe, kwenda China, na hapo kila mtu akaona jinsi ilivyo rahisi kumkamata mnyama na ilivyo vigumu kumpatia pa kwenda.

Wanaouliza kwa nini wasiachiwe tu baharini, jibu ni Keiko, yule orka wa filamu ya Free Willy. Watu walichanga pesa nyingi, akatolewa Mexico hadi Oregon, kisha mwaka 1998 akarudishwa Iceland alikokamatwa. Alijifunza mengi, akavuka hadi Norway, lakini hakuwahi kujiunga na ukoo wowote, akafa Desemba 2003. Aliyenyang'anywa kwao akiwa mtoto hakufundishwa kuwinda wala kuitana na wenzake. Wengi wa waliobaki hawakuwahi hata kuiona bahari kwa sababu walizaliwa bwawani. Kinachowafaa ni ghuba zilizozungushiwa wavu, zenye maji ya bahari na matunzo, na hizo zinachelewa mno. Antibes, Ufaransa, bustani ilifungwa Januari 2025 huku orka Wikie na mwanawe Keijo wakiwa bado mle mle ndani.

Ndugu zangu, sisi tunajua uchungu huu. Mnakumbuka Novemba 2010, wanyama hai wetu zaidi ya mia moja walipopakiwa kwenye ndege pale uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na kupelekwa Qatar. Hadi leo ukimwambia Mtanzania "twiga kupanda ndege" hahitaji maelezo, anakunja uso. Tulikasirika kwa sababu twiga si mzigo, ana kwao. Basi na orka wa Iceland ana kwao.

Na Kigoma tuna mfano ambao dunia nzima inaujua. Mtafiti Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, akawafuata sokwe kwenye milima yao, hakuwaleta Dar es Salaam. Hata hivyo na pale makosa yalifanyika, na ni vizuri tuyaseme. Kuwapa ndizi ili wasogee kuliwafanya wagombane kuliko kawaida, na baadaye ndizi zikasitishwa. Mwaka 1966 polio iliingia kwa sokwe na kuwaua na kuwalemaza kadhaa. Mwaka 2002 dume aliyeitwa Frodo, aliyekwishawazoea watu, alimnyakua mtoto mdogo wa binadamu aliyekuwa amebebwa ndani ya hifadhi, akamuua. Kutokana na mambo kama hayo leo mgeni wa Gombe anavaa barakoa, anakaa mbali na sokwe, hali chakula mbele yao, na saa yake ikiisha anaondoka. Sokwe asipotaka kuonekana siku hiyo, haonekani, na pesa hairudi. Kwangu mimi huo ndio ustaarabu. Mimi nimekulia pale na sikujua thamani yake hadi nilipoishi jirani na bwawa la Kiska.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ina uzito. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kuwafuatilia sokwe wa Gombe, na wazazi wengi wa Mwanga au Kibirizi hawana nauli wala kiingilio. Mtoto wa Toronto enzi za Kiska aliweza kumwona orka kwa macho yake, wa Kigoma hajamwona sokwe aliye kilomita 16 tu kutoka mjini. Je, kizimba kisingemsaidia? Naona hapana. Kinachofundishwa kwenye onyesho ni kwamba mnyama hupiga makofi kwa pezi akitupiwa samaki. Mradi wa TACARE, ulioanza mwaka 1994 kwenye vijiji vinavyopakana na Gombe, umewafundisha watu wetu zaidi kuhusu sokwe kwa kupanda miti na kutunza vyanzo vya maji.

Wala tusijione wasafi. Kwenye duka la wanyama wa kufuga lililo karibu na ninapoishi nimemkuta samaki wa kwetu, yule mwenye mistari ya buluu iliyokoza na nundu kwenye paji la uso, ndani ya tangi la kioo lenye kibandiko "Tanganyika". Wengi wa samaki hao siku hizi wanazalishwa huku huku, lakini wapo wanaovuliwa na wapiga mbizi wetu na kusafirishwa wakiwa hai. Samaki mdogo si orka, hana ukoo wa kumlilia. Hata hivyo nilimtazama kwa muda mrefu, na nafsi yangu haikutulia. Ningependa wanaoifanya biashara hiyo Kigoma waulizwe wanavua kiasi gani na wapi, kwa sababu baadhi ya samaki hao wanapatikana kwenye miamba michache tu ya ziwa letu. Watu waliokubali ziwa lifungwe kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 ili samaki wazaliane, huku majiko yakikosa dagaa na migebuka, hawawezi kushindwa kuuliza swali hilo.

Kwa hiyo wazo la bwawa la Katonga mimi nalikataa, na akija mwekezaji na vizimba vyake naomba mlikatae pia kwenye mikutano ya mtaa. Badala yake nina ombi kwa wenzangu wa grupu tulio nje. Tunachanga kila mwaka kwa ajili ya harusi na misiba. Tuchange na boti: wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, waliotimiza miaka 15, waondoke Kibirizi asubuhi, walipiwe kiingilio na barakoa, walale Kasekela mle hifadhini, warudi kesho yake. Mwalimu mmoja wa sekondari yuko tayari kuandaa orodha. Mimi nimeshatuma sehemu yangu kwa mtunza hazina.